Ravana Hatoki Nyumbani Kwangu

Jumatano, 24 Septemba

Siku ya tatu ya mfungo wa Mama Durga. Tumbo tupu, kichwa kinagonga, na ndipo Lala Banwari alipochagua kuja. Mtu mzima, ana duka la halua, mwenyekiti wa kamati ya mchezo wa Rama, na bado hajui kwamba mwanamke aliyefunga hapelekewi habari mbaya.

Akakaa. Akamsifu nyati wetu. Nikajua kuna jambo. Nyati yule hana cha kusifiwa.

Jambo lenyewe: mwaka huu Rama anatoka Mumbai. Yule yule wa televisheni, Ruhan Sarnaik, anayeonekana kila jioni na upinde wa dhahabu na ngozi kama malai ya maziwa. Kamati imembembeleza tangu sikukuu ya Holi, amekubali kuja kutuchezea siku ya mwisho, siku ya kumuua Ravana. Nikasema vizuri. Lala akakohoa. Akasema basi na Ravana naye alingane na Rama wa namna hiyo. Watu wamezoea Ravana wa televisheni, kifua kama mlango wa ghala. Trilok ni kijana mwema, akasema, lakini Amma, yule ana mabega ya fundi feni.

Ni fundi feni. Alitaka awe na mabega ya nani?

Nikamkumbusha. Babu mkwe wangu alikuwa Ravana. Baba mkwe wangu alikuwa Ravana. Marehemu mume wangu (jina lake sikulitaja akiwa hai, sitaanza leo) alikuwa Ravana mpaka mwaka aliokufa, na alipocheka, watoto walijikojolea hadi safu ya nne. Tangu hapo ni mwanangu Trilok. Mfalme wa Lanka, vichwa kumi, msomi, mwizi wa Sita mke wa Rama, anayeuawa kwa mshale wa Mungu mwenyewe na kwenda peponi moja kwa moja. Cheo hicho hakipimwi kwa mabega. Tena marehemu alikuwa na kitambi. Mfalme mwenye jiko la dhahabu atakosaje kitambi?

Nikamuuliza nani basi. Akatazama viatu vyake. Bhupi.

Bhupi, mkwe wa Jasodha, jirani yangu wa ukuta mmoja. Mwanamume aliyeolewa! Anakula kwa mama mkwe, analala kwa mama mkwe, na asubuhi ananyanyua vyuma juu ya paa la mama mkwe ili mtaa wote umwone. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Huyu kamba hana, na sasa wanataka kumvika taji.

Trilok alikuwa pale pale akifunga nyaya za feni. Alifumba macho, akashusha pumzi ndefu. Uchungu ulioje. Mwanangu, usihofu. Mama yako yupo.

Alhamisi, 25 Septemba

Niliacha shule darasa la pili nikaolewa. Herufi zangu ni kubwa kama chapati, lakini akili haiandikwi kwa herufi.

Mpango: vichwa. Vile vichwa tisa vya pembeni anavyovaa Ravana ni mali ya nyumba hii. Alivichonga babu mkwe kwa mkono wake. Bila vichwa hakuna Ravana, kuna mtu na masharubu tu. Nimevificha chini ya kitanda changu cha kamba, nimekaa juu yake, nimemtuma Trilok amwambie Lala kwamba vichwa havitoki bila kichwa cha katikati.

Wakati nangoja jibu nikamfunza Trilok kicheko. Nilimsimamisha uani. Nikamwambia acheke kama anaona Lanka yote iko chini yake. Akacheka. Mbuzi aliyekabwa na ganda la ndizi. Nikamwambia tena. Akasema koo linamuuma. Marehemu alicheka na homa ya matumbo, wewe koo?

Mkwe wangu Manorama akapita na ndoo, mtandio umefunika uso, mabega yanamtetemeka. Nikamwambia kama ana baridi ajifunike vizuri. Miaka yote humu ndani sijasikia sauti ya huyo mwanamke ikizidi ya kijiko kwenye kikombe. Niliomba mkwe, nikaletewa kabati.

Nyati hakutoa maziwa jioni. Kicheko hicho kimemfunga.

Jibu la Lala: nikae na vichwa vyangu. Wameagiza vipya kutoka Lucknow. Vina taa, macho yanawaka na kuzima.

Mgongo unauma. Pua ya kichwa cha tatu imenichoma mbavu.

Jumamosi, 27 Septemba

Nimefikiri siku mbili. Mpango mwingine, huu hauna mlango wa kutokea.

Nilikwenda kwa Jasodha kwa miguu yangu mwenyewe. Akashtuka, akanifutia kiti kwa upindo wa sari. Nikasema mambo ya kamati yamepita, sisi ni majirani, nimekuja kumpa kijana wasia wa Ravana kama alivyoufuata marehemu. Bhupi akaja, fulana imembana kama ganda la soseji. Nikamwambia kwa upole: mwanangu, Ravana si nguo. Anayemcheza hufunga. Hali mayai. Hali kuku. Hanywi yale maziwa ya unga ya wanyanyua vyuma. Tunda moja, chai moja, analala sakafuni. Asipofanya hivyo, sijui, nisiseme zaidi.

Si uongo. Marehemu alifanya. Sikumwambia tu kwamba marehemu alianza mwezi mzima kabla, na kwamba kitambi kilimsaidia.

Bhupi akameza mate. Hata mayai? Hata meupe yake? Nikasema hasa meupe yake.

Siku moja bila mayai na atarudi kwa Lala akilia. Nimerudi nyumbani nikiimba. Manorama akanitazama kama nimeugua.

Jumatatu, 29 Septemba

Balaa.

Bhupi amefunga kweli. Analala sakafuni. Mafuta yote yaliyokuwa juu ya misuli yameondoka, mishipa imejitokeza mikononi kama mizizi ya mpipali, macho yameingia ndani na yanang'aa kwa njaa. Lala alimwona leo asubuhi, akapiga makofi. Akasema sasa ndiye, huyu ni wa televisheni kabisa. Wanawake wanapeleka nazi na maua kwa Jasodha kumheshimu kijana mcha Mungu. Jasodha akanipigia kelele juu ya ukuta: “Asante dada, wasia wako umemkamilisha!”

Dada. Amenizidi miaka miwili, yule.

Bado siku tatu. Sikula hata viazi vya mfungo. Nilikaa na vile vichwa nikavipangusa vumbi kimoja kimoja. Kila kimoja kina alama ya kidole cha marehemu penye shavu, alipokuwa akivibeba. Nikiondoka duniani, nikutane naye, aniulize Ravana yuko nyumba gani, nimjibu nini? Kwa Jasodha? Kwa mume aliyeolewa?

Trilok akaja akakaa chini karibu yangu. Akasema, Amma, labda mwaka mmoja tupumzike. Nikamwambia mtu hupumzika akifa, akichomwa moto mtoni. Ana moyo mkubwa, anajaribu kunifariji.

Halafu, nikimenya viazi, likanijia. Soda.

Ni zamani. Kijana aliyekuwa Rama mwaka ule, taji kichwani, mshale mkononi, akasema ana kiu ya soda. Mchezo ukasimama. Mbu wakatula. Baba yake Lala mwenyewe akakimbia sokoni pekupeku, kwa sababu sheria ya mchezo wetu inajulikana na mtoto na mzee: taji likishakaa kichwani, yule si mtu tena, ni Rama. Tunamgusa miguu, tunamzungushia taa, na neno lake halirudi. Kamati ni nani mbele ya Rama?

Na Rama wa Mumbai atavikwa taji kesho kutwa hekaluni, watu wapange foleni wapate baraka.

Lala, halua yako na iungue.

Jumatano, 1 Oktoba

Asubuhi nilikwenda mapema kumwona akishuka garini. Mdogo kuliko anavyoonekana jioni. Ana miwani nyeusi. Akapita karibu yangu, na harufu ikanipiga puani. Kitunguu. Kitunguu mbichi, mwiko kabisa, siku ya mwisho ya mfungo, mdomoni mwa Rama.

Nilibaki nimesimama uwanjani. Je, Mungu aliyekula kitunguu neno lake linashika? Nani wa kumuuliza? Kuhani ni mjomba wake Jasodha. Nimezunguka hekalu mara kadhaa nikiwaza. Mwisho nikakata shauri mwenyewe: taji ni la fedha, limebarikiwa tangu zamani za Waingereza. Taji hufunika kitunguu.

Mchana wakamvika. Kengele, pembe za kombe, moshi wa ubani. Na kweli alibadilika. Uso ule ule wa jioni. Mwanamke nyuma yangu akaanza kulia. Mimi sikulia, nilikuwa na kazi.

Foleni ilizunguka hekalu lote. Nikasema nazimia, nikapitishwa mbele. Nikasema tena nazimia, nikapitishwa mbele zaidi. Mfungo una faida zake. Nilipofika nikamshika miguu yote miwili, nikamshika hasa, mtu asinivute. Nikasema: Bwana, mimi ni mke wa Ravana, mkaza mwana wa Ravana, mama wa Ravana. Wanataka kumhamisha. Kesho Trilok mwanangu na auawe kwa mkono wako.

Lala alikuwa kando yake. Nikamwona anageuka rangi ya unga.

Bwana akanitazama. Akainua kiganja, vile vile kama kwenye televisheni. Akasema, kwa sauti ile ile:

“Na iwe hivyo.”

Kila mtu alisikia. Nikainuka. Sikungoja foleni iishe, sikumtazama Jasodha aliyekuwa nyuma na nazi yake. Nilitembea katikati ya barabara, na pikipiki ndizo zilizonipisha.

Trilok alirudi jioni sana, macho mekundu. Nikamuuliza kama amesikia habari. Akasema amesikia, na yeye pia alipanga foleni. Kwenda kushukuru. Nimelea.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Nilimvika Trilok mwenyewe. Vichwa tisa, masharubu, joho la marehemu. Mkanda ulizunguka mara mbili. Tulipofika nyuma ya jukwaa, pazia likafunguka upande wa pili, na akatoka Ravana. Macho kumi na manane yanawaka na kuzima.

Bhupi.

Nikamgeukia Lala. Alikuwa amekaa juu ya ngoma, kichwa mikononi. Akasema Jasodha naye aliomba. Akasema Bwana naye alimwambia na iwe hivyo. Nikamwambia achague. Akasema, “Amma, nani ataguswa na mkono wangu? Wote wawili wana neno la Rama. Nikimtoa mmoja, nimemfanya Mungu mwongo mbele ya mji mzima.”

Hakuna aliyethubutu kumuuliza Bwana mwenyewe. Taji lilikuwa kichwani.

Nikaenda kukaa mbele, safu ya wanawake. Jasodha akaja akakaa karibu yangu, hakukuwa na nafasi nyingine. Hatukutazamana. Ravana mkubwa wa makaratasi na baruti amesimama uwanjani, mrefu kama mnara wa simu, na lazima achomwe kabla jua halijazama, la sivyo mwaka mzima ni nuksi kwa mji. Jua lilikuwa limeshagusa paa la kinu cha mpunga.

Pazia. Wakatoka wote wawili, mmoja kushoto, mmoja kulia.

Watu maelfu, na kimya kile. Nilisikia jenereta ikinguruma. Nilisikia kelele za bangili zangu mwenyewe. Sita alitazama kushoto, akatazama kulia, hakujua aibwe na nani. Rama akashusha upinde. Akageuka kutazama nyuma ya jukwaa, kama anayemngoja mtu aseme tusimame, turudie. Kwenye televisheni yupo mtu huyo. Kwetu yupo Lala, na Lala alikuwa amejifunika shuka.

Mshale ni mmoja. Atakayeupokea ndiye Ravana. Atakayebaki amesimama ni nani? Hakuna. Ni mtu na masharubu. Nililiona hilo, na Jasodha akaliona wakati ule ule.

Akasimama akapiga kelele, “Bhupi! Kufa!”

Nikasimama juu ya kiti. “Kufa wewe, Trilok! Kufa mwanangu, kufa upesi!”

Akasema wake afe kwanza. Nikamwambia wake hana haki ya kufa, wa kwake ni wa kuhamia, akafie kwao. Tulisukumana. Kiti kikaanguka. Jua likawa nusu.

Na mwanangu, ewe tumbo langu, mwanangu akafa. Rama hata hajavuta upinde. Trilok alijishika kifua, akazunguka mara moja, akaanguka chali, vichwa tisa vikatawanyika jukwaani. Sijamwona akifanya jambo kwa moyo namna ile tangu azaliwe.

Nikapiga vigelegele. Nimeshinda, nikasema. Amekufa wa kwangu.

Lakini Bhupi hakufa. Alikuwa bado na maneno yake ya kusema. Akavua joho, akaonyesha ile mishipa, na Rama, Mungu amsamehe, akafurahi kupata mtu wa kupigana naye. Wakapigana. Skrini kubwa ikarusha radi. Watu wakanyanyua simu, wakapiga miluzi. Taa za vichwa zikatoa cheche. Jua lilibaki kama ukucha. Ndipo Bwana akaachia mshale, Bhupi akaanguka, sanamu likawashwa, baruti ikaitika mbinguni, na mji ukapumua.

Nikatazama jukwaani kumtafuta marehemu wangu mdogo. Hayupo. Vichwa vipo, yeye hayupo. Nikageuka. Alikuwa safu ya tatu, masharubu bado usoni, amekaa chini karibu na Manorama, anakula karanga, anatazama moto na mdomo wazi kama mtoto.

Sharubu moja likadondoka ndani ya karanga. Akalitafuna.

Na Manorama akacheka.

Sijui niandikeje. Kilitoka chini ya ule mtandio kama mlango wa Lanka unafunguliwa. Kilipanda, kikashuka, kikapanda tena. Ng'ombe aliyekuwa kwenye gari la karanga akakata kamba. Watoto wakalia safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne.

Nikakaa chini. Kicheko cha marehemu.

Ijumaa, 3 Oktoba

Lala amekuja na sanduku la halua, dalili mbaya. Hakumsifu nyati.

Amesema video ya Bhupi imefika mpaka Kanpur. Amesema Ravana sasa ni Bhupi, kwa heri na baraka. Nikamwambia neno la Rama halirudi. Akasema ndiyo hilo, Amma, halirudi, na mtu wa mwisho kwenye foleni alikuwa Trilok. Aliomba asiwe Ravana tena. Aliomba akae mbele na mkewe, autazame mchezo. Bwana alisema na iwe hivyo.

Bwana alisema na iwe hivyo kwa watu wote, kumbe. Aliyeomba trekta, na iwe hivyo. Bhupi aliyeomba mama mkwe wake aende kuhiji mbali akae huko, na iwe hivyo.

Nilimwita Trilok. Nilitaka kumpiga kwa kandambili, nikakuta kandambili moja imebaki uwanjani. Nikamuuliza amekosa nini. Akasema utotoni alikuwa nyuma ya pazia akishika vichwa vya baba, na baba alipokufa alivivaa. Hajawahi kuuona mchezo. Hajawahi kumwona Ravana akiungua, kila mwaka alikuwa amelala amekufa. “Anaungua vizuri sana, Amma,” akasema. “Sikujua.”

Nikamwambia angesema.

Akasema amesema kila mwaka.

Niliirudisha kandambili chini ya kitanda. Kisha nikamwambia arudishe feni ya watu, mteja anangoja.

Jumamosi, 4 Oktoba

Nimelala vizuri, nimekula wali, mfungo umekwisha, akili imerudi.

Nimeona kosa langu lilipokuwa. Nilikuwa wa kwanza kwenye foleni. Wa kwanza hufutwa na anayefuata. Mwakani nitakuwa wa mwisho kabisa, hata ikibidi nijifungie chooni mwa hekalu mpaka wote wamalize.

La pili. Lala anasema mwakani watamwita yule anayemcheza mungu Shiva, mwenye nywele ndefu. Vizuri zaidi. Ravana alikuwa mja wa Shiva, hawezi kukataliwa.

La tatu. Nani alisema Ravana lazima awe mwanamume? Sita wetu ana ndevu, anazinyoa asubuhi, hakuna anayelalamika. Mabega ya Manorama si mabaya. Kitambi kitakuja, nimeanza kumwongezea samli. Vichwa nimeshavipiga rangi, na mkanda wa joho nimeufumua nipime upya.

Kuanzia kesho alfajiri atasimama uani acheke. Nyati na azoee.

Yeye mwenyewe sijamwambia. Atafurahi.